Sura ya Sita: Ndege Ikishagusa Ardhi

Kijana aliyenipakia kwenye bajaji kutoka stesheni ya TAZARA kuingia Ifakara mjini hakusema neno mpaka ndege ndogo ilipopita juu yetu, imeshapunguza mwendo, inatafuta kutua. Aliifuata kwa macho hadi ikazama nyuma ya miembe, kisha akageuza shingo kidogo.

"Mwalimu, samahani, naomba nikuulize. Nilisikia redioni ndege zimegongana uwanjani huko Japani. Moja ilikuwa chini kabisa, haijaruka. Hilo ndilo linanishinda. Angani kuna kasi, kuna mawingu, sawa. Lakini chini inatembea polepole kama mimi hapa, ina marubani wawili, ina redio, ina taa kila kona. Inagonganaje?"

Swali hili nimeulizwa na wauguzi, na wakulima wa mpunga, na wanafunzi wa sekondari, na wote huuliza kwa mshangao uleule. Kwa akili ya kawaida hatari ya ndege iko juu. Abiria akisikia matairi yamegusa ardhi anashusha pumzi, anapapasa kifungo cha mkanda, anawasha simu. Kwake yeye amefika. Rubani bado ana kazi, na sehemu ya kazi hiyo ni ngumu kuliko kuishika ndege kwenye anga tulivu.

Ajali iliyoua watu wengi kuliko zote kati ya ndege na ndege haikutokea angani. Ilitokea kwenye njia ya kurukia, tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, Uhispania. Ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 zilikutana chini, wakafa watu 583. Tutairudia baadaye kidogo, kwa sababu ina jambo linalofanana mno na viwanja vyetu vya Bonde la Kilombero. Kwanza tuione ndege yenyewe ikiwa chini.

Mtumbwi mabegani

Wandamba, watu wa mto na mitumbwi, watanielewa haraka. Mtumbwi ukiwa majini ni mwepesi, unageuka kwa pigo moja la kasia. Utoe majini, uubebe mabegani kupita katikati ya kijiji. Aliye mbele anakata kona vizuri kabisa, na wakati huohuo tezi inakwangua ukuta wa jirani. Hakufanya uzembe. Ameshika kitu kirefu kilichoumbwa kwa ajili ya mahali pengine, na mwisho wake hauoni.

Ndege ni hivyohivyo. Imeumbwa kwa ajili ya hewa. Chukua Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayojulikana sana kwenye viwanja vidogo vya Tanzania. Kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa jingine ni karibu mita 16. Barabara ya lami ya njia mbili haifiki nusu ya upana huo. Sasa fikiria umekabidhiwa gari la upana wa mita 16, uingie nalo kwenye ua wenye mti, nguzo ya bendera, pikapu tatu na watu waliokuja kupokea wageni.

Halafu gari hilo halina vioo vya pembeni. Halina gia ya kurudi nyuma kama ya gari, ndiyo maana ndege kubwa ikiwa imeegeshwa pua kwa jengo husukumwa na trekta maalumu ili itoke. Usukani wake nao humshangaza kila anayeanza kujifunza: ndege ndogo ikiwa chini haigeuzwi kwa mikono. Inageuzwa kwa miguu. Ukikanyaga pedali ya kushoto, gurudumu la mbele linaelekea kushoto. Ukikandamiza sehemu ya juu ya pedali hizohizo kwa vidole vya miguu, unashika breki. Mwanafunzi mpya huzungusha usukani kwa nguvu kama yuko kwenye Fuso, na ndege inaendelea kwenda moja kwa moja.

Injini nayo haijui kupumzika. Pangaboi likizunguka, hata kwa nguvu ndogo, ndege inataka kwenda mbele. Rubani anaizuia muda wote.

Kwenye ndege kubwa mambo huongezeka. Mabawa yake yameelekezwa nyuma kama ya mbayuwayu, na rubani wa Boeing 747 akiwa kwenye kiti chake hawezi kuona ncha za mabawa yake. Zaidi ya hapo, ndege yenye mabawa ya namna hiyo ikigeuka, ncha ya bawa la nje huchora tao pana kuliko alivyotazamia mtu aliyekuwa akipima nafasi kabla ya kona. Umewahi kumwona mwendesha baiskeli wa Ifakara aliyebeba mianzi mirefu akikata kona sokoni? Watu wenye busara hawaangalii gurudumu la mbele. Wanaangalia ncha ya mwanzi.

Bawa lililoingia ofisini

Usiku wa tarehe 22 Desemba 2013, Boeing 747 iliyokuwa ikijiandaa kwenda London ilikuwa inatembea chini kwenye uwanja wa O. R. Tambo, Johannesburg. Ilitakiwa ifuate kiungio kipana. Kiungio ni barabara ya ndege, inayounganisha maegesho na njia ya kurukia. Mahali pa kukata kona, ndege ikaendelea mbele, ikaingia kiungio kingine chembamba kilichokusudiwa ndege ndogo. Matairi yalikuwa kwenye lami, taa zilikuwa mbele, hakuna kilichoonekana kibaya kutoka kwenye kiti cha rubani. Bawa la kulia likapasua ukuta wa jengo la ofisi na kuingia ndani. Watu wanne waliokuwa humo waliumia kidogo. Hakuna aliyekufa.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinavunja dhana ya kijana wangu wa bajaji, kwamba ukienda polepole na ukiona mbele, uko salama. Rubani aliona mbele. Kilichogonga kilikuwa mita thelathini na kitu kutoka kwake, pembeni, gizani. Kosa lenyewe lilikuwa limeshafanyika dakika moja kabla, pale njia panda.

Kwa ufupi: ndege ikiwa chini ni pana, haioni ncha zake, na hugeuka kwa namna inayodanganya jicho. Kwa hiyo haitoshi rubani kuwa mwangalifu. Lazima awe kwenye njia iliyopimwa kwa ajili ya upana wake, au awe na macho ya mtu mwingine.

Njia moja, ndege mbili

Sasa turudi Tenerife. Siku ile bomu lililipuka kwenye uwanja wa kisiwa cha jirani, Gran Canaria, ndege nyingi zikaelekezwa Los Rodeos, uwanja mdogo wa Tenerife. Maegesho yakajaa hadi kiungio kikuu kikazibwa na ndege zilizosimama. Ilipofika wakati wa kuondoka, hapakuwa na njia ya pembeni ya kupita. Ndege ikabidi zitembee juu ya njia ya kurukia yenyewe, kutoka mwanzo hadi mwisho, zigeuke, ndipo ziruke kurudi zilikotoka.

Msomaji wa Kilombero asimame hapo kidogo. Ndivyo inavyofanyika kwenye viwanja vingi vidogo vya nyasi na changarawe hapa nchini. Hakuna kiungio. Ndege ikitua inageuka na kurudi juu ya njia ileile hadi maegeshoni. Ikitaka kuondoka inafanya hivyohivyo. Jambo ambalo huko lilikuwa dharura ya siku moja, kwetu ni utaratibu wa kila siku.

Ukungu ukashuka. Kati ya zile Boeing 747 mbili, ya KLM ilikuwa imefika mwisho na kugeuka. Ya Pan Am ilikuwa bado katikati ya njia, inatafuta mahali pa kutokea, na ilipita pale ilipoelekezwa. Waongoza ndege waliokuwa mnarani hawakuweza kuziona, na uwanja haukuwa na rada ya ardhini, yaani mtambo unaoonyesha vyombo vilivyo chini hata kukiwa na ukungu. Nahodha wa KLM akaanza kukimbia kuruka kabla hajapewa ruhusa ya kuruka. Sekunde chache baadaye, mnara na Pan Am walizungumza redioni kwa wakati mmoja, sauti zao zikaumana, na kwenye ndege ya KLM ikasikika kelele badala ya maneno. Fundi wa ndege aliyekaa nyuma ya marubani alitia shaka, akauliza kama wenzao wameshatoka njiani. Akajibiwa kwamba wametoka. Wote 248 waliokuwa ndani ya KLM walikufa. Wa Pan Am walifariki 335, wakapona 61.

Tangu hapo lugha ya redio ilibadilishwa. Neno la Kiingereza la kuruka halitamkwi tena hovyo: mnara hulisema pale tu unapotoa ruhusa yenyewe, au unapoifuta. Wakati mwingine wote hutumika neno jingine la kuondoka, ili sikio lisidakie lisichoambiwa. Na rubani anapopewa maelekezo, huyarudia kwa mdomo wake. Wakala wa M-Pesa anayejua kazi hufanya jambo lilelile: kabla ya kutuma, anakusomea namba na jina, anasubiri useme ndiyo. Anajua hela ikishakwenda kwa mwingine, kuirudisha ni mbinde.

Je, tumepona? Hapana. Tarehe 8 Oktoba 2001, uwanja wa Linate, Milano, ndege ndogo ya jeti iliingia kiungio kisicho chake kwenye ukungu mzito, ikavuka njia ya kurukia wakati ndege ya abiria inakimbia kuruka. Wakafa watu 118. Alama za chini zilikuwa hafifu na rada ya ardhini haikuwa ikifanya kazi. Na kile kisa cha Japani alichokisikia kijana wangu ni cha Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024. Ndege ya walinzi wa pwani, iliyobeba misaada ya waathirika wa tetemeko la siku iliyotangulia, iliingia kwenye njia na kukaa hapo sekunde kama 40, ikiamini imeruhusiwa. Ndege ya abiria ya Japan Airlines ikatua juu yake. Watano kati ya sita wa ile ndogo walikufa. Abiria na wahudumu 379 wa ile kubwa walitoka wote wakiwa hai, kabla moto haujaila ndege nzima.

Katika visa vyote vitatu kuna mtu mzima, mwenye leseni, aliyeamini kwa dhati kwamba yuko mahali fulani au kwamba amepewa njia. Na imani hiyo haichagui taifa. Desemba 2013 Boeing 767 ya abiria iliyokuwa ikienda Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro ilitua kwenye uwanja mdogo wa Arusha, ikaishia kunasa kwenye nyasi. Waliokuwa ndani walishuka salama. Nikifundisha kuhusu usalama wa ndege, hicho ndicho ninachoanza nacho: mtu anaweza kuwa makini sana na bado akawa mahali pasipo pake.

Kinga inaanzia hapo. Rubani anapokuwa na shaka yoyote juu ya mahali alipo, anasimama. Anasimama kabisa, kabla ya mstari, anauliza. Kampuni nzuri hazimfokei rubani kwa dakika tatu alizopoteza. Na chini, rubani mmoja anaendesha huku mwenzake ameshika ramani ya uwanja, anahesabu kona kwa sauti. Mazungumzo ya mambo mengine hukoma mpaka ndege isimame au ifike juu.

Lugha ya mistari

Kwenye viwanja vikubwa, kama Julius Nyerere, Dar es Salaam, ardhi yenyewe inaongea kwa rangi. Abiria anayekaa dirishani anaweza kujifunza lugha hiyo kwa safari moja:

- Michoro myeupe iko juu ya njia ya kurukia. Ya njano iko kwenye viungio na maegesho.
- Bao jeusi lenye herufi za njano linasema: hapa ndipo ulipo.
- Bao la njano lenye herufi nyeusi linasema: kule ni fulani.
- Bao jekundu lenye maandishi meupe linasema: mbele yako ni njia ya kurukia. Usipite bila ruhusa.
- Usiku, taa za buluu huonyesha kingo za kiungio. Za kijani, palipowekwa, huonyesha katikati yake.

Muhimu kuliko yote ni mistari minne ya njano inayokata kiungio kabla ya njia ya kurukia. Miwili haikukatika, miwili imekatika-katika. Madereva wa barabarani wanaijua kanuni hii bila kufundishwa. Ukiwa upande wa mistari isiyokatika, husogei mpaka uambiwe. Ukiwa upande wa iliyokatika, yaani unatoka kwenye njia baada ya kutua, unapita na kuendelea mpaka mkia wako uwe umevuka. Sehemu hiyo ya mkia husahaulika. Ndege iliyosimama pua ikiwa nje na mkia ukiwa ndani bado iko njiani.

Yule mtu mwenye mikono

Kabla ya daraja la Mto Kilombero kuzinduliwa mwaka 2018, waliokwenda Ulanga na Malinyi walivuka kwa kivuko. Anayekumbuka siku hizo anamkumbuka kijana wa kivuko aliyesimama mbele ya lori, mikono juu, akiliita kidogokidogo mpaka tairi la mbele linakaribia mnyororo. Dereva hakuangalia maji wala mnyororo. Aliiangalia mikono ya yule kijana. Mikono ikisimama, naye anasimama.

Kwenye maegesho ya ndege yuko mtu wa namna hiyo, na lugha ya mikono yake ni moja dunia nzima. Rubani wa kutoka Brazili akitua Songea ataielewa. Mikono miwili ikikunjwa na kunyooshwa kuelekea kichwani: njoo moja kwa moja. Mkono wa kulia umenyooshwa pembeni na wa kushoto unaita: geukia kushoto kwako wewe rubani, na kadiri mkono unavyoita kwa kasi ndivyo unavyotakiwa ugeuke kwa ukali. Mikono imepishana juu ya kichwa: simama. Kiganja kinapita mbele ya koo: zima injini.

Penye nafasi finyu huongezwa watu wawili, mmoja kila ncha ya bawa, wanatembea nalo. Kazi yao ni moja tu, kuona pengo kati ya bawa na kitu kingine. Kazi hiyo ni rahisi kuidharau, na mimi nimeshawaona watu wakiifanya huku wanaongea na simu. Lakini hao ndio wenye jicho ambalo rubani hana. Sheria inayowaunganisha wote ni fupi: rubani akipotewa na yule mtu machoni, hata kwa sekunde mbili, anashika breki.

Ndege ikishasimama, kazi bado. Tairi linawekewa kabari mbele na nyuma, kwa sababu breki ya kuegesha inaweza kulegea yenyewe na upepo wa alasiri ukaisukuma ndege hadi kwenye ndege ya jirani. Ndege ndogo inayolala kiwanjani hufungwa kamba sehemu tatu, mabawa yote mawili na mkia. Kabla ya dhoruba za masika, hilo ni jambo la kufa na kupona kwa ndege nyepesi.

Kwa ufupi: mistari inamwambia rubani alipo, redio inamwambia nani ana njia, mikono inamwambia nafasi iliyobaki. Kimoja kikikosekana, mwendo unapungua. Viwili vikikosekana, unasimama.

Kikoboga

Anayekwenda Ifakara kwa barabara akitokea Dar es Salaam anapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kabla hajafika Mikumi mjini na kukunja kushoto kuelekea Kidatu. Ndani ya hifadhi hiyo kuna kiwanja cha Kikoboga. Tarehe 28 Novemba 2023 ndege mbili za aina moja, Embraer 120 zenye injini mbili za pangaboi, zilipata ajali hapo siku hiyohiyo. Ya kwanza, iliyotoka Zanzibar na watalii, ilipata matatizo ya magurudumu wakati wa kutua. Saa kadhaa baadaye ya pili ilikuwa inaruka, ikatoka nje ya njia na kugonga jengo la kiwanja. Hakuna aliyepoteza maisha.

Sikitaji kisa hiki ili kumhukumu mtu. Nataka tuone kitu kimoja. Ndege ikishaacha njia yake, rubani hana mengi ya kuamua. Yanayobaki yanaamuliwa na kilichoko pembeni. Ndiyo maana kila uwanja unatakiwa uwe na ukanda wa usalama, ardhi tambarare iliyoachwa wazi pande zote za njia, bila jengo, bila mtaro, bila lundo la mawe, bila ndege nyingine iliyoegeshwa. Kwa macho ya mtu anayetafuta shamba, ukanda huo ni ardhi iliyolala bure. Kila mwaka kuna mahali Tanzania ambapo mtu anaumega kidogo kwa jembe, au anajenga kibanda cha soda mwishoni mwa njia.

Kiwanja kisicho na mnara

Bonde letu ni tambarare, na kwenye udongo mweusi maji ya masika hukaa. Hospitali, misheni, mashamba makubwa na wageni wa uwindaji wamelitegemea anga kwa miongo mingi, kwa sababu zipo wiki ambazo barabara hazipitiki. Viwanja vilivyotokana na mahitaji hayo ni vya nyasi au changarawe, bila uzio, bila mnara, bila mistari ya njano. Yote niliyoyaeleza hapo juu lazima yafanywe na watu wachache waliopo.

Rubani anafanya sehemu yake. Kwenye masafa ya pamoja ya redio anatangaza alipo na anachotaka kufanya, hata kama hajui kuna anayemsikiliza. Kabla ya kutua anapita chini mara moja kuangalia ng'ombe na baiskeli. Akitua anatembea kwa mwendo wa mtu anayekimbia, si zaidi, kwa sababu kwenye nyasi hatari imefichwa. Tairi moja likizama kwenye tope na jingine likabaki pakavu, ndege inazunguka kama baiskeli iliyobanwa gurudumu, na bawa linafagia upande. Kichuguu kilichoota tangu mwezi jana kinatosha kupinda pangaboi, maana kwenye Caravan ncha yake hupita chini ya nusu mita kutoka ardhini.

Pangaboi lenyewe linahitaji maneno yake. La Caravan lina upana wa karibu mita 2.7 na kwa nguvu kamili linazunguka mara 1,900 kwa dakika. Likizunguka halionekani. Unaona upande wa pili kama kawaida, nyasi, miti, mtu unayetaka kumsalimia. Kwa hiyo, kwa mtu yeyote aliyekuja kupokea mgonjwa au mgeni:

- Taa nyekundu ya juu au ya mkiani ikiwaka na kuzima, injini inazunguka au inakaribia kuwashwa. Kaa ulipo.
- Usiisogelee ndege mpaka pangaboi lisimame kabisa na rubani au mhudumu akuite.
- Ukiitwa, pita nyuma ya bawa, kamwe usipite mbele ya pua.
- Kofia, khanga na karatasi vishikwe. Kitu kikipeperuka, kiache kiende.
- Gari lisimame mbali, likiwa limegeuzwa tayari kuondoka, dereva akiwa ndani.

Hilo la mwisho nimelijua kwa kuliona. Miaka iliyopita, kwenye kiwanja kimoja cha bondeni, Caravan ilikuwa inageuka maegeshoni. Mlinzi alikuwa amekwenda kufukuza watoto upande wa pili. Pikapu iliyokuja kupokea mizigo ilikuwa imesogea karibu ili watu wasibebe mbali, nyuma ina magunia ya mpunga, na juu ya magunia amekaa mama na mtoto mgongoni. Bawa la Caravan liko juu, mtu mzima anasimama chini yake bila shida, na nadhani dereva alijipa moyo kwa hilo. Hakuhesabu magunia. Ncha ya bawa ikaja kwa upole kabisa, kwa mwendo wa mtu anayetembea, usawa wa kichwa cha yule mama. Aliinama hadi paji la uso likagusa gunia. Bawa likapita, likaondoka na utepe wa kitambaa chake cha kichwa. Rubani hakujua lolote mpaka aliposhuka akakuta watu wamenyamaza.

Mlinzi, mzee wa makamo mwenye koti la mvua hata kiangazi, hakugombana na mtu. Nilirudi kiwanjani pale miezi miwili baadaye nikakuta mawe yamepangwa kuzunguka maegesho, nusu duara kubwa, yamepakwa chokaa. Baada ya shikamoo nikamuuliza nani aliyempimia.

"Nilingoja jua la saa sita," akasema. "Ndege imelala hapa, kivuli cha bawa kiko chini. Nikakitembea. Ncha mpaka ncha, hatua ishirini na mbili zangu. Nikaongeza nyingine hivyohivyo, maana sijui itageukia wapi."

Siku ile ndege ilikuwa inakuja. Alitembea njia nzima kwanza, fimbo mkononi, akichoma nyasi hapa na pale kutafuta shimo, akasimama pahali pamoja akaponda kichuguu kwa kisigino. Watoto wa shule walishafika. Walikuwa wamesimama mstari mmoja nyuma ya mawe, vidole vya miguu vimegusa chokaa, na mmoja aliyeteleza mbele alivutwa shati na mwenzake hata kabla mzee hajageuka.